Vidole vya Kogo Tapkigen

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Kogo Tapkigen, bibi niliyekuwa nikimtunza, alianza kuchuma chai akiwa kitandani. Najua dakika kwa sababu niliiandika. Nilikuwa nimetoka jikoni na uji wa wimbi, na kule sebuleni redio ya mwanawe mkubwa, Joseah, ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kusoma matangazo ya vifo. Kogo alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, na mikono yake yote miwili ilikuwa ikitembea juu ya blanketi. Kidole gumba na cha shahada vilikutana, vikavuta, vikaachia, vikasogea mbele kidogo, vikakutana tena. Nilisimama na bakuli langu nikatabasamu. Mwanamke huyu alikuwa amechuma chai miaka arobaini. Majina ya wajukuu yalikuwa yamemtoka, lakini vidole, nilijiambia, havikuwa vimesahau kazi. Nikachukua daftari nikaandika: “3:10. Anachuma. Ametulia.” Yote mawili yalikuwa makosa, na nusura makosa hayo yamuue.

Mwezi wa Aprili mwaka huu tulimzika Joseah. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki upande wa majirani, nikiwa mama wa miaka arobaini na sita mwenye viatu vilivyoloa matope ya Kiptere, na aliyekuwa akiongoza ratiba akaniomba nisimame. Akawaambia watu kwamba huyu ndiye yule msichana wa Kijaluo aliyemfufua Kogo. Watu wakapiga makofi. Mazishi si mahali pa kusahihisha mtu, kwa hiyo nilisimama, nikainamisha kichwa, nikakaa. Lakini neno hilo limenikera tangu siku hiyo. Sikumfufua mtu. Nilichofanya mwaka ule kinaweza kuelezwa hatua kwa hatua, pamoja na sehemu yangu ya kosa, na mtu yeyote anayejua kusoma saa na kuandika anaweza kukifanya. Hiyo ndiyo sababu najivunia.

Nilifika nyumba hiyo mwezi wa Januari, nikiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya shamba kubwa nililokuwa nikichuma kupunguza vibarua. Joseah alikuwa na ekari mbili za chai, ng'ombe watano wa maziwa, na mama ambaye kwa miaka minne alikuwa akisahau kidogo kidogo. Walitaka mtu wa kumwangalia tu. Hakuna aliyetumia neno uuguzi. Majirani waliniuliza kama nitamzoesha Kogo kula omena, na mmoja akamwonya Mama Chebet, mke wa Joseah, kwamba baada ya miezi sita mama mkwe wake ataanza kuomba samaki kwa Kijaluo. Mama Chebet akajibu kwamba hata akiomba kwa Kichina, mradi ale. Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa, na kwa kweli nilikaribishwa vizuri.

Chumba cha Kogo kilikuwa kati ya sebule na stoo ya mahindi. Kuta zilikuwa za mbao, na mbao hazifichi sauti. Palikuwa na kitanda kimoja, godoro langu chini, dirisha dogo linaloangalia chai, na msumari ukutani ulioshikilia kikapu chake cha zamani cha kuchumia, ambacho hakuna aliyethubutu kukitoa. Asubuhi tulikunywa uji, saa nne chai ya maziwa, mchana ugali kwa mboga ya managu au kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa ambayo mimi ilinichukua wiki tatu kuyazoea na ambayo Kogo alinichekea nayo kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Kwake ilikuwa mara ya kwanza. Aliniita Chepkemoi, jina la binti yake aliyeolewa Bomet. Mwanzo nilimsahihisha. Kila nikimsahihisha, alitazama chini na kunyamaza kama mtoto aliyechapwa, na siku iliyofuata aliniita Chepkemoi tena. Mwezi wa pili niliacha. Niliona kwamba jina lake la uongo linampa raha na jina langu la kweli linampa aibu, nikaamua mimi sihitaji jina langu kuliko yeye anavyohitaji lake.

Daftari lilitoka kwenye chai. Mchumaji anayetegemea karani wa mizani peke yake hujuta mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kuandika kilo zangu mwenyewe. Nilipoacha kuchuma, mkono ulibaki na tabia hiyo. Nikachora mistari: saa, alichokula, vikombe alivyokunywa, choo kidogo, choo kikubwa, usingizi, maneno. Nilipima kwa kikombe chake cha bati cha bluu, maana vikombe vingine vya nyumba havikulingana. Sokoni Chepseon nilikuwa nimepata, katikati ya lundo la nguo kuukuu, kitabu cha uuguzi cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachoanzia ukurasa wa thelathini na moja. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku baada ya kuosha vyombo. Hadi leo sijui kurasa thelathini za kwanza zilisema nini.

Daftari ndilo lililonionyesha jambo la kwanza. Kila alasiri, kati ya saa nane na saa nane na nusu, Kogo alikuwa mkali. Alisukuma mlango, alinikwaruza, alilia. Mama Chebet alikuwa amezoea kutia komeo na kuongeza sauti ya redio. Niliposoma wiki tatu kwa pamoja niliona kwamba saa haibadiliki, na saa hiyo nilikuwa naijua mwilini mwangu: ndiyo saa ya kupeleka majani kwenye mizani. Siku iliyofuata, saa nane kasoro dakika tano, nilishusha kikapu kwenye msumari, nikamvika mgongoni kikiwa kitupu, tukatembea hadi kibanda cha kununulia majani na kurudi. Dakika arobaini. Njiani aliniuliza amepata kilo ngapi. Nikamwambia ishirini na nane. Akafikiri, kisha akasema, “Zilikuwa thelathini. Karani amekula mbili.” Akarudi nyumbani akala sahani nzima. Kuanzia siku hiyo komeo halikutumika tena. Joseah, ambaye alikuwa katika kamati ya kibanda hicho na ambaye hakuwa mtu wa maneno, alianza kutupisha kwenye foleni, na makarani walimsalimia mama yake kama mchumaji mwenzao. Watu wanapozungumza juu ya hospitali, mimi huona kwamba kazi yangu nzuri kuliko zote mwaka ule ilikuwa matembezi hayo ya kikapu kitupu. Lakini hiyo hakuna anayeipigia makofi.

Kosa lilianza mwezi wa Agosti, wakati wa baridi na mvua. Kogo alianza kulowesha kitanda. Kupitia mbao nilimsikia Mama Chebet akimwambia mumewe kwamba godoro halikauki, kwamba chumba kinanuka, kwamba kina mama wa kanisa wanakuja Jumapili na atawaweka wapi. Hakuwa mkatili. Yeye ndiye aliyekuwa akifua. Asubuhi alinijia jikoni akasema, “Akinyi, hii godoro ni ya tatu. Ingine hatuna. Hizo chai za jioni, si upunguze?” Nikakubali. Ningependa kuandika kwamba nilibishana, lakini sikubishana, na nilikubali kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka kuamka. Nikakata kikombe cha saa kumi na kile cha jioni, halafu nikakata cha baada ya ugali. Kutoka vikombe saba tukabaki na vinne. Kitanda kilikauka. Nilijisifu kwenye daftari: “Kavu. Kavu. Kavu.” Mkojo ulikuwa mchache na rangi yake imekoza kama chai ya rangi, na hayo pia niliyaandika kwa usafi bila kuyafikiria. Mtu anaweza kuandika kila kitu na asisome chochote.

Basi siku ile ya Jumanne, mwanzoni mwa Septemba, alipoanza kuchuma juu ya blanketi, nyumba nzima iliguswa. Mama Chebet alikuja akasimama mlangoni akifuta machozi kwa leso. Majirani waliingia wawili wawili. Kila mmoja katika nchi hii ya chai ameona mikono ile, amekuwa nayo mwenyewe au amezaliwa na mwenye nayo, na kila mmoja aliona alichokijua. Mzee mmoja wa kanisa alisema mama anamalizia mstari wake kabla ya kwenda nyumbani, na watu wakaitikia. Hakula. Alilala mchana, akifumbua macho anaitazama dari na kuisemesha. Jioni Joseah aliwapigia simu wadogo zake. Viti vya kanisa vililetwa. Wesley, mdogo wake anayefanya kazi Nakuru, alifika Jumatano asubuhi, na kupitia mbao nikawasikia wakipanga. Walisema ugonjwa wa kusahau umefika mwisho wake. Walisema ni heri afie kwenye kitanda chake kuliko kwenye wodi, na maiti kuirudisha ni gari la kukodi. Bahasha ya michango ya mazishi ilishaanza kuzunguka. Hakuna aliyesema neno baya. Walikuwa watoto wanaompenda mama yao, wanamuaga kwa heshima, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro langu nikikubaliana nao.

Saa saba na nusu mchana Joseah aliingia na majani mabichi. Alikuwa ameyachuma mwenyewe kwenye mstari ulio karibu na nyumba, majani mawili na chipukizi, yakiwa na mvua bado. Akainama, akayaweka kwenye mapaja ya mama yake, akamwambia kwa Kikipsigis kwamba ni ya shamba lake. Tulisubiri tuone akiyashika. Vidole vya Kogo vilipita juu yake. Vilipita kana kwamba hakuna kitu, vikaenda kwenye ncha ya blanketi, vikavuta uzi, kisha vikapanda juu vikaanza kuokota hewani, mbele ya uso wake, mahali ambapo hakuna kichaka cha chai kinachoweza kuwa. Nilikuwa nimechuma miaka minne. Najua mchumaji aliyelala nusu, aliye mgonjwa, aliyelewa. Jani likigusa kidole chake, kidole hulishika. Na mkono ukijaa, hutupa nyuma begani, kwenye kikapu. Nilirudi nyuma kimawazo nikagundua kwamba tangu Jumanne sikuwa nimemwona Kogo akitupa mkono begani hata mara moja.

Nilikwenda kwenye kitabu kisicho na jalada. Ilikuwa humo. Nilikuwa nimeisoma mwezi wa Juni na kupigia mstari: mgonjwa anayeokota nguo za kitanda au hewa, aliyebadilika kwa saa au siku chache, anayelala mchana na kuzungumza na visivyokuwepo, tafuta homa, tafuta mkojo, tafuta ukosefu wa maji. Nilikuwa nimeijua miezi miwili. Ila kitabu kilisema kuokota, na hapa kwetu mkono wa namna hiyo una jina lingine. Nikafungua daftari, safari hii kusoma.

Nilimkuta Joseah uani, anachungulia ndoo ya maziwa bila kuiona. Nikamwambia, “Baba Chebet, huyu hachumi.”

Akaniuliza anafanya nini basi. Nikamwambia ni mgonjwa, ugonjwa mwingine, mpya, na kwamba unatibika. Akasema mama yake amekuwa mgonjwa miaka minne na mimi nimemkuta hivyo. Nikamsomea. Ijumaa alikunywa vikombe vinne na akanitajia ng'ombe wote watano kwa majina. Jumamosi viwili na nusu, na akataja ng'ombe wawili. Jumapili kimoja na nusu. Jumatatu kimoja. Jana nusu kikombe, na mkojo mara moja tu, tangu asubuhi mpaka usiku. Kusahau hakukimbii hivyo.

“Ulipima na nini?”

“Na kikombe chake cha bluu.”

Wesley alikuwa ametoka akasikia, akasema kwamba msichana wa kazi hawezi kuja kuwaambia wanaume wa boma juu ya mama yao. Hapo nilisema lile ambalo lilikuwa gumu zaidi. Nikasema mimi ndiye niliyepunguza vikombe, tangu Agosti, ili kitanda kikauke, na kwamba kama ni ukosefu wa maji basi ni mkono wangu. Mama Chebet alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Angeweza kunyamaza, maana sikuwa nimemtaja. Akasema, “Ni mimi nilimwambia.” Sijamsahau kwa hilo, na kama watoto wake watasoma hapa, nataka walijue.

Joseah akauliza, “Akifia njiani?”

“Nitawajibika mimi.”

“Wewe utawajibika na nini, Akinyi? Una nini?” Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Akaniomba daftari, akalisoma akiwa amesimama, akilamba kidole kugeuza kurasa kama anavyokagua vitabu vya kibanda. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti, akamtuma mtu aite pikapu inayobeba mikebe ya maziwa.

Tulimlaza Kogo nyuma kwenye godoro lile lile la tatu. Hospitali tuliyompeleka ilikuwa ndogo na imejaa. Daktari kijana alimtazama, akauliza ana miaka mingapi, akauliza alianza lini kuchanganyikiwa. Joseah akajibu kwa uaminifu kwamba ni miaka minne. Niliona kalamu inaanza kuandika, na nilijua inaandika nini, uzee, na kwamba ikimaliza tutarudishwa nyumbani na panado. Sikuwa nimewahi kumkatiza daktari maishani.

“Kusahau ni miaka minne,” nikasema. “Hii ni siku tano.”

Kalamu ikasimama. Akaniambia nirudie. Nikampa daftari likiwa wazi kwenye Ijumaa. Alisoma mpaka Jumatano, akarudi Agosti, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia sijasoma. Akasema kwa wodi yake yote hana mgonjwa mwenye rekodi kama hii, na akaagiza mkojo upimwe. Ulikuwa na maambukizo mabaya, na mwili ulikuwa umekauka. Wakamtundikia maji na dawa.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Kogo alichomoa sindano mara mbili, na sista alikuja na bandeji kumfunga mikono kwenye kitanda. Nilimwomba anipe saa moja. Nilikata mguu wa soksi yangu ndefu, nikaupitisha juu ya sindano kama mkono wa sweta, na mpira wa maji nikaupitisha nyuma ya bega lake asiuone. Asichokiona hakukivuta. Nikakaa upande ule ule kila wakati, nikamwambia kila mara ni saa ngapi, tuko wapi, mimi ni Chepkemoi. Sista alirudi baada ya saa moja, akatazama soksi, akaondoka na bandeji zake. Kesho yake aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kumfanyia hivyo mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Siku ya nne vidole vilitulia. Siku ya tano, saa nne asubuhi, walipoleta chai ya wodi, Kogo aliionja, akaitazama, akanigeukia na macho yanayoona. “Chepkemoi,” akasema, “ng'ombe wamekufa?” Chai haikuwa na maziwa. Nilicheka mpaka sista akaja kuangalia, na nikaandika kwenye daftari maneno hayo na dakika yake.

Hakupona kusahau. Hilo ndilo waliopiga makofi mwezi wa Aprili hawakuambiwa. Aliishi miaka miwili na miezi saba zaidi, na kila mwezi ulichukua kitu: kwanza ng'ombe, kisha mursik, mwisho hata Chepkemoi. Lakini alikwenda kwa mwendo wake mwenyewe, amekunywa vikombe vyake saba, na godoro tulilivisha nailoni, dawa ambayo ingetugharimu dakika tano mwezi wa Agosti kama mmoja wetu angefikiri. Mwisho wa mwaka ule yule daktari kijana aliniandikia barua, na kwa barua hiyo nikaingia darasani kwa mara ya kwanza. Sasa nafundisha wanawake wa Kabianga na Kiptere kuwatunza wazee wao. Somo la kwanza ni kikombe kimoja, na somo la pili ni kusoma ulichoandika.

Tulirudi nyumbani siku ya tisa. Viti vya kanisa vilikuwa bado vimepangwa ukutani na watu wamevikalia, maana habari za kurudi kwetu zilikuwa zimetangulia. Kogo alisalimia wote kwa mkono. Wawili kati ya watoto wake hakuwatambua, jambo la kawaida. Akakaa, akapewa mursik, kisha akaiona bahasha nene mbele ya Wesley, akauliza hiyo pesa ni ya nini. Akawatazama mmoja mmoja, wote wamevaa nguo za heshima siku ya kazi.

“Nani amekufa?”

Wesley alitazama meza. Joseah ndiye aliyejibu. “Hakuna mtu, Mama.”

“Basi rudisheni,” Kogo akasema. “Watu wana watoto wa shule.”

Wakazihesabu pale pale, naye akisimamia, akisahau na kuuliza upya nani amekufa, na kila mara akiambiwa hakuna mtu, alishukuru. Zilikuwa shilingi elfu arobaini na mbili na mia tano. Hospitali ilikuwa imechukua elfu sita, mia tatu na arobaini, nazo zikatolewa humo wote wakiridhia. Zilizorudi mifukoni mwa wenyewe jioni hiyo zilikuwa elfu thelathini na sita, mia moja na sitini.